Mgeni Kakheti: niliyojifunza nilipoongozwa na mwenzangu

Nilikaribia kutumbukia kwenye mvinyo. Siyo kwa mdomo, kwa mguu. Tulikuwa tumeingia chumba chenye giza nyuma ya nyumba ya mzee mmoja wa Kakheti, mashariki mwa Georgia, nami kwa mazoea ya kazi yangu ya zamani nikawa natazama juu: dari ikoje, mlango wa pili uko wapi, mgeni mrefu atajigonga wapi. Chini sikutazama. Mkono wa muongozaji wetu ukanidaka kiwiko. Hatua moja mbele ya kiatu changu palikuwa na tundu la duara, jeusi, usawa wa sakafu, na ndani yake kitu kinatokota polepole bila moto, kama uji wa ulezi unapoanza kujipuliza.

"Hapa mvinyo hatuuweki," akaniambia. "Tunauzika."

Mimi ni mtoto wa Marangu, chini ya Kilimanjaro. Mlimani nilianza kama mgumu, yaani mbeba mizigo, kilo 20 kichwani, nikapanda hadi kuwa muongoza watalii, na kazi hiyo nikaifanya miaka 11. Kijiweni tunaitana "magaidi", Kiingereza kilichochakachuliwa, neno ambalo ukishafika uwanja wa ndege ni heri ulimeze. Korona ilipoingia mwaka 2020 mlima ukanyamaza. Mwaka uliofuata nikawa Doha, nimevaa suti ya hoteli, nawafungulia watu milango. Oktoba 2023 nikapata likizo ya wiki moja. Nauli ya nyumbani ilikuwa haishikiki. Georgia ni saa tatu na ushee kwa ndege, na wakati ule mwenye kibali cha ukaazi cha nchi za Ghuba alikuwa anaingia bila viza. Ndiyo maana mabasi ya watalii ya kule yamejaa Wafilipino, Wahindi na Wakenya wa Doha na Dubai. Letu lilikuwa na watu tisa. Wakenya walikuwa wawili, mmoja muuguzi wa kutoka Nyeri ambaye hakufunga mdomo tangu Jumapili hadi Ijumaa, na ninamshukuru kwa hilo.

Muongozaji alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, viatu vya kutembelea vimechakaa kisigino kimoja, sauti ya mwalimu. Nilijiambia sitamwambia kazi niliyokuwa nafanya. Nilitaka kumchunguza. Hiyo ndiyo tabia mbaya ya watu wa fani: fundi cherehani akialikwa harusini, anaangalia pindo la gauni.

Tbilisi, mji mkuu, nitaipita haraka. Mji una mabafu ya maji ya moto yenye kiberiti, mitaa imepinda, na juu kilimani limesimama sanamu la mwanamke: mkono mmoja bakuli la mvinyo, mwingine upanga. Bakuli ni la anayekuja kwa wema, upanga ni wa yule mwingine. Kwa wageni tisa waliochoka na safari ya usiku, hayo yalitosha.

Siku ya pili tukaelekea kaskazini, barabara ile ya zamani inayopanda milima ya Caucasus kuelekea mpaka wa Urusi. Kwenye njia ya Jvari, zaidi ya mita 2,300 kutoka usawa wa bahari, ukungu ukashuka kama pazia. Hakuna kilichoonekana, hata ng'ombe waliokuwa wamejilaza katikati ya barabara tuliwaona kwa honi. Ndipo mama yule akashika kipaza sauti akaanza hadithi: Mungu alipokuwa anagawa ardhi kwa mataifa, Wageorgia walichelewa kufika. Walipoulizwa wakasema walikuwa mezani, wanakunywa kwa heshima yake Yeye Mungu, wakapitiliza. Mungu akafurahi, akawapa kipande alichokuwa amejiwekea mwenyewe.

Basi zima likacheka. Mimi nikacheka kwa sababu nyingine. Nilimjua. Hadithi hiyo ilikuwa ya akiba, ya kutolewa mlima ukijificha. Yangu ilikuwa ya Kibo na Mawenzi, vilele viwili vya Kilimanjaro: Mawenzi alivyokwenda kuomba moto kwa ndugu yake, akarudi tena, akarudi tena, hadi Kibo akachoka akamtwanga kwa mchi, na ndiyo maana hadi leo Mawenzi kichwa chake kimechanikachanika. Nimeisimulia mara ngapi sijui. Mvua ikinyesha kambi ya Mandara, Kibo na Mawenzi. Mgeni akitapika kambi ya Horombo, Kibo na Mawenzi.

Kule Stepantsminda kuna kanisa la Utatu la Gergeti, la karne ya 14, limekaa peke yake juu ya kilima kwenye mita 2,170, nyuma yake mlima Kazbek wenye zaidi ya mita 5,000. Siku hizi lami inafika hadi karibu na mlango. Wenzangu wakapanda gari. Mimi nikasema natembea. Mtu aliyefika kilele cha Uhuru, mita 5,895, mara ambazo hakuzihesabu, apandishwe gari kwenda mita 2,170? Hapo ni chini hata ya Mandara, ambako bibi wa kizungu wa miaka 70 hufika akitabasamu.

Miaka miwili ya kiyoyozi na lifti ilinisubiri kwenye kona ya tatu. Nilikaa juu ya jiwe. Nilisikia moyo masikioni. Mama yule, ambaye kumbe alikuwa ameamua kunifuata kwa miguu, akafika akiwa hahemi, akasimama hatua kadhaa chini yangu, akaanza kupiga picha maua makavu. Hakuniuliza kama niko salama. Hakuniambia twende taratibu. Alipiga picha za maua yale hadi pumzi yangu ilipotulia, ndipo akasema, "Nimemaliza, tuendelee?"

Nimewaambia watu "pole pole" maelfu ya mara, tena mbele za wenzao, kwa sauti, huku nikitabasamu. Sikuwahi kufikiria kwamba kwa mwanaume mzima aliyekaa juu ya jiwe neno hilo lina fedheha ndani yake. Kule juu, mlangoni, nikamwambia ukweli: mimi ni mwenzako kazini. Akanitazama toka kichwa hadi viatu. "Nilijua tangu uwanja wa ndege," akasema. "Ulihesabu watu kabla yangu."

Kuanzia hapo tukawa tunaongea lugha moja. Tuliposimama kwenye duka moja la njiani lililotundika churchkhela, zile kokwa za walnuti zinazotungwa kwenye uzi kisha zikachovywa kwenye juisi ya zabibu iliyopikwa na unga hadi zinafanana na mshumaa mnene, nilimwangalia, naye akatazama pembeni. Kamisheni. Inanukia sawa kila nchi. Bei ya pale na bei ya sokoni hazikuwa ndugu. Lakini choo kilikuwa kisafi, na dereva alipewa chakula, na mimi ni nani wa kumnyooshea mtu kidole?

Sasa Kakheti.

Kwenye ratiba iliandikwa: "kuonja mvinyo kwa familia ya kienyeji". Nikajua kinachokuja. Kwetu kijijini tulikuwa na kituo kama hicho, tena nilikipanga mwenyewe: wageni wanaingia, kata la mbege linapita, kila mtu anafuta povu mdomoni, picha, nasema "bia ya ndizi", mama muuzaji anatabasamu, dakika 15, tunaelekea maporomoko ya Kinukamori. Ndizi kwenye pipa, ulezi kwenye ungo, vyote vimepangwa kwa ajili ya kamera.

Tulifika kwa mzee saa nne asubuhi, hakuna aliyetupokea. Mzee alikuwa shambani. Watoto wake wako shambani, majirani wako shambani. Ni msimu wa rtveli, uvunaji wa zabibu, na zabibu zikiiva hazingojei basi la watalii. Mama muongozaji akatugawia mikasi na ndoo. "Sikumwambia mnakuja kutazama," akasema. "Nilimwambia naleta watu tisa wa kuvuna." Mfilipino mmoja alikuwa amevaa viatu vyeupe. Muuguzi wa Nyeri akafunga leso kiunoni, akauliza kikapu cha nani kinajaa kwanza. Tukavuna hadi jua lilipokaa utosini: Rkatsiteli, zabibu nyeupe zenye kikonyo chekundu, juisi inayonata vidole hadi mkasi haufunguki, na nyigu wasio na adabu. Ng'ambo ya bonde la Alazani, Caucasus imesimama na theluji yake kama ukuta wa nyumba ya jirani.

Kisha zabibu zikamwagwa kwenye hori refu lililochongwa kwenye gogo moja, tukanawa miguu, tukakanyaga. Sitaipamba: ni baridi, inateleza, na mbegu zinachoma nyayo.

Chumba chenye giza nilichokaribia kupata aibu wanakiita marani. Mtungi wenyewe ni qvevri, wa udongo wa kuchomwa, umbo la yai lililochongoka chini, mkubwa kiasi kwamba mtu huingia ndani mzima kuusafisha. Ndani unapakwa nta ya nyuki, kisha unafukiwa ardhini hadi shingoni ili joto lisipande wala lisishuke. Juisi inaingia pamoja na maganda, mbegu na hata vikonyo. Ikianza kuchacha maganda hupanda juu yakaganda kama kofia. Mzee anayashindilia chini kwa fimbo ndefu mara kadhaa kwa siku, ana usingizi wa mama mwenye kichanga. Ikitulia, mtungi unafunikwa, unazibwa kwa udongo, na hauguswi hadi masika. Mvinyo wa zabibu nyeupe ukitoka humo una rangi ya chai ya rangi, na ukali wake unakwaruza ulimi pembeni.

Mwaka 2013 UNESCO iliuandikisha ufundi huu kwenye orodha yake ya urithi wa dunia usioshikika. Na mwaka 2017 wanasayansi walitangaza kwamba vigae vya mitungi vilivyochimbuliwa kusini mwa Tbilisi vilikuwa na masalia ya mvinyo wa miaka kama 8,000. Hayo nilisomewa na mama kwenye basi. Mzee mwenyewe alichonionyesha ni mtungi wa pembeni kabisa, wa babu yake, ambao enzi za Wasovieti, zabibu za kijiji zilipokuwa zinakwenda kiwandani, uliendelea kujazwa nyumbani. Halafu mwaka 1985 Moscow ikaja na kampeni ya kupiga vita ulevi, na mizabibu mingi nchini ikang'olewa. Mwaka 2006 Urusi, mnunuzi mkubwa, ikafunga soko. "Kila walipofunga mlango," mama alitafsiri, "mtungi ulikuwa umeshazikwa, hawakuuona." Sijui kama maneno yalikuwa ya mzee au ya mama. Nami nimewahi kutafsiri vizuri kuliko ilivyosemwa.

Mezani hapakuwa na nafasi ya kuweka kiwiko. Nyama ya mtsvadi iliyochomwa kwa matawi makavu ya mzabibu, bilinganya zilizokunjwa na walnuti, mkate mrefu uliopigwa kwenye ukuta wa tanuri ya udongo, jibini, nyanya zenye ladha ya nyanya. Nikajimiminia, nikapiga funda. Meza ikanyamaza.

Hapo nilikosea, na kosa lilinifundisha kuliko maelezo. Karamu yao, supra, ina mkuu wake, tamada, na hakuna anayekunywa kwa kiu yake. Tamada anasimama, anasema neno, na neno hilo ndilo linalofungua glasi. Kwa Mungu na amani. Kwa nchi. Kwa wazazi. Kwa wageni, kwa sababu wana msemo kwamba mgeni ni wa Mungu. Akimaliza, wote "Gaumarjos!", neno lenye ushindi ndani yake, ndugu wa salamu yao ya kila siku, gamarjoba. Ndipo unakunywa. Halafu unakula, mnaongea, mnaimba. Waliimba kwa sauti tatu, ya chini kabisa inavuma kama nyuki kwenye mzinga huku mbili za juu zinagombana. Nilijisikia mjinga kwa sekunde chache, kisha nikakumbuka kwamba na kwetu mbege ya kwanza hainywewi ovyo: kata ina mpangilio, mzee kwanza, na kuna tone linalomwagwa chini kwa waliotangulia. Niliujua utaratibu huo tangu utotoni. Kwenye dakika zangu 15 ndio nilioukata kwanza, kwa sababu ulikuwa unachelewesha.

Zamu ya wafu ilipofika, mzee alidondosha mvinyo kidogo juu ya kipande cha mkate. Sikuhitaji mkalimani. Baada yake ikafuata ya watoto, maana hawawaachi wafu waufunge mlango. Kisha akanitazama, akasema "Alaverdi", na mama akanieleza: anakukabidhi neno, uliendeleze.

Nikasimama na kile Kiingereza changu cha mlimani, na tabasamu, na kichekesho changu cha kufungulia. Mama akanivuta shati. "Uko likizo," akaninong'oneza.

Basi nikakaa kimya kidogo, kisha nikawaambia habari ya babu yangu na kata yake, na kwamba sisi mvinyo wetu ni wa ndizi. Nilidhani watasema "Gaumarjos" yaishe. Mzee akaweka glasi chini. Wa ndizi? Ndizi zinakanyagwa? Zinapikwa, nikasema, na maji, hadi ziwe nyekundu, zinaachwa zichache, zinachujwa, zinachanganywa na uji wa ulezi ulioota. Muuguzi wa Nyeri akaingilia kutetea muratina, pombe ya kienyeji ya kwao, tukamzima. Mzee akauliza: na ukali unatoka wapi? Gome la msesewa. Gome la ndani au la nje? Bichi au kavu? Kiasi gani kwa ndoo? Ulezi unaloweka siku ngapi, na unajuaje kwamba umeota vya kutosha?

Watalii walishaniuliza maswali hayo. Siyo mengi, lakini waliniuliza, na niliwajibu wote. Siku tatu, nilisema. Wengine niliwaambia wiki, kutegemea na sura ya mtu na muda uliobaki kabla ya chakula cha mchana. Hakuna aliyerudi kunisahihisha. Mbele ya mtu aliyetoka kuniambia mtungi wake unashindiliwa mara ngapi kwa siku na unazibwa kwa udongo gani, ulimi ulikataa kubuni. Nikamwambia mama atafsiri: sijui. Nimekua ndani ya harufu yake, nimeiuza miaka 11, na sijui.

Hawakucheka. Mzee akaonyesha simu yangu iliyokuwa mezani. Nani anajua?

Marangu ilikuwa saa moja nyuma yetu, jua linakaribia kuzama. Mama mzazi akapokea mlio wa kwanza, maana simu ya mtoto aliye Arabuni huwa ni hela au msiba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kuna nini?"

"Mama, ulezi wa mbege mnauloweka siku ngapi?"

Kimya. Kisha, "Umelewa?"

Nikaweka spika. Ikawa foleni: mama Marangu kwa Kiswahili, mimi kwa Kiingereza, mama wa Kakheti kwa Kigeorgia, na mzee amekunja uso kama hakimu. Unaloweka usiku kucha, unamwaga maji, unaufunika kwa majani ya mgomba unyunyuzie hadi uote vijimkia, unauanika, ndipo unasaga. Utajua umefika ukitafuna punje ikawa tamu. Msesewa ni gome lililoanikwa likatwangwa, na unatia kidogo, ukizidisha unawanywesha watu dawa. Mzee alirudia lile la kutafuna, akaonyesha kwa meno: yeye pia zabibu huzijua kwa kutafuna mbegu. Mfilipino wa viatu vyeupe, ambavyo sasa vilikuwa vya zambarau, alikuwa anaandika.

Bahasha niliiona, msidhani sikuiona. Mama muongozaji alimpa mke wa mzee jikoni tulipokuwa tunavaa makoti, bila kuificha wala kuitangaza, nami nilipenda alivyofanya. Lakini hiyo ilikuwa baadaye. Mezani, mama mzazi sasa ndiye alikuwa na maswali.

"Na wao hizo zabibu wanazipika saa ngapi?"

"Hawapiki, mama. Zinaingia mbichi."

"Mbichi? Na maganda?"

"Na maganda. Wanafukia ardhini hadi masika."

Nikamsikia akimwambia mtu pale nyumbani, dada yangu nadhani, kwamba huku wanakunywa vitu vibichi vilivyozikwa. Mzee, aliyeona meza nzima inacheka, akaomba simu. Akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na mdomo kama mtu anayeongea na kisima, akainua glasi yake.

"Gaumarjos!"

Mama akadhani ni salamu.

"Marahaba, baba," akajibu.